Akiba na Kikombozi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya zama ambazo mali ilikuwa kitu cha kushikika, na daftari lilikuwa mtumishi wake tu. Gunia la karafuu lilikaa ghalani, na daftari likaeleza ni la nani, lilipimwa lini, na ni nani bado anadaiwa bei yake. Daftari likiungua, karafuu ilibaki. Katika zama hizi uhusiano huo umepinduka. Deni la mteja, mshahara wa mfanyakazi, hati ya shehena, kipimo cha damu cha mgonjwa na salio la mwenye benki havina ghala lingine ila daftari lenyewe, na daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Likitoweka, hakibaki kitu cha kushuhudia kwamba lilikuwapo. Kwa sababu hiyo mnyang'anyi wa leo amejifunza kuliacha ghala na kulishika daftari.

Unyang'anyi huo hufanywa kwa programu ambayo huingia kwa siri katika mtandao wa shirika, ikayageuza maandishi yake kuwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo, kisha ikamtaka mwenye mali alipe kikombozi ili apewe ufunguo huo. Kitu hakichukuliwi, hufungwa pale pale kilipo. Dawa ya kwanza ya balaa hili inajulikana kwa kila mtu: ni kuwa na nakala ya akiba. Mwenye nakala huyatupa mafumbo, akarudisha maandishi yake, na kazi ikaendelea. Lakini maadamu dawa inajulikana hivyo, swali gumu la maadili hujitokeza. Mtu asiyeweka akiba, naye akapatwa, je, ni wa kuhurumiwa kama aliyepigwa na radi, au ni wa kulaumiwa kama mlinzi aliyelala? Na akilipa kikombozi kwa kuwa hana njia nyingine, je, amefanya kosa au ametendewa kosa?

Historia ya jambo hili si ndefu. Mwezi wa Desemba, 1989, disketi zipatazo 20,000 zilipelekwa kwa posta katika nchi nyingi, zikidai kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Ndani yake mlikuwa na programu iliyoyaficha majina ya maandishi ya kompyuta, ikamtaka mwenye kompyuta apeleke dola 189 kwenye sanduku la posta la Panama. Mwanabiolojia wa Kimarekani, Joseph Popp, alishtakiwa Uingereza kwa tendo hilo, lakini akaonekana hafai kusimama kortini kwa hali ya akili yake. Kufuli la disketi zile lilikuwa dhaifu, kwa kuwa ufunguo ulifichwa ndani ya programu yenyewe, na wataalamu waliutoa. Mwaka wa 1996 wanazuoni wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha kwamba udhaifu huo si wa lazima. Ufunguo wa kufunga na ufunguo wa kufungua vinaweza kuwa viwili mbalimbali. Mnyang'anyi huacha wa kufunga kwa aliyeibiwa, na wa kufungua hukaa nao kwake.

Kufuli lilipokamilika hivyo, mnyang'anyi alibakiwa na adui mmoja mkubwa, yaani nakala. Nani atanunua ufunguo wa mlango ikiwa ana nyumba nyingine iliyo sawa na ile iliyofungwa? Kwa hiyo mnyang'anyi mwenye ujuzi hafungi kitu siku anapoingia. Aghalabu hukaa kimya kwa siku au majuma, akachunguza nakala za akiba ziko wapi na nani ana ruhusa ya kuzigusa. Huziharibu hizo kwanza, ndipo huvifunga vilivyobaki. Hapo ndipo ilipo shida ya suala hili. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya moto na maji haikuwekewa adui anayeitafuta. Moto hauulizi nakala iko wapi.

Denmark ni nchi ndogo, lakini imepatwa na misiba miwili ambayo ikiwekwa sambamba hufundisha mengi. Wa kwanza ulitokea tarehe 27 Juni, 2017. Siku hiyo programu iliyopewa jina la NotPetya, iliyoanza kuenea kutoka Ukraine kwa njia ya programu ya hesabu, iliingia katika mtandao wa Maersk, kampuni ya meli yenye makao yake Copenhagen. Ilivaa nguo za kikombozi, ikidai fedha kwa kila kompyuta, lakini hapakuwa na ufunguo wa kuuzwa. Ilikuwa programu ya kuangamiza. Maersk ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizoshika orodha ya watumiaji wote na kuamua nani aruhusiwe kuingia wapi. Seva hizo zilipashana habari daima, na kwa hiyo ilidhaniwa kwamba kila moja ni akiba ya nyingine zote. Haikufikiriwa kwamba zote zinaweza kufa kwa pamoja. Zilikufa kwa pamoja, ila moja. Katika ofisi ya Ghana umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na seva ya huko ilikuwa nje ya mtandao. Njia ya mawasiliano ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kupitisha kumbukumbu hizo hadi Uingereza, ambako kazi ya kufufua ilikuwa ikifanyika, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao alisafiri kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski katika uwanja wa ndege, na huyo akaendelea nayo hadi London. Kwa muda wa siku 10 kampuni ilijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara yake ilikisiwa kuwa dola milioni 250 hadi 300.

Msiba wa pili ulitokea tarehe 18 Agosti, 2023, katika kampuni ya CloudNordic, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatunzia wafanyabiashara wengine tovuti, barua na kumbukumbu zao. Kampuni ilikuwa ikihamisha seva kutoka jengo moja kwenda jingine. Baadhi ya seva hizo zilikuwa zimekwisha kuambukizwa bila kujulikana, na katika kuhamishwa ziliunganishwa na mtandao wa ndani uliotumika kuziongoza seva zote. Kwa njia hiyo wavamizi walizifikia seva za uongozi, kisha nakala za akiba, za kwanza na za pili pia. Zote zilifungwa. Kampuni ilitangaza kwamba haiwezi wala haitaki kulipa kilichodaiwa, na kwamba wateja wake walio wengi wamepoteza kila walichokuwa wameweka kwake.

Tofauti ya misiba hii miwili haikuwa ya wingi wa nakala. CloudNordic ilikuwa na akiba, na akiba ya akiba. Maersk, katika jambo lile la orodha, haikuwa na akiba hata moja iliyokusudiwa. Kampuni iliyopanga ilipoteza, na kampuni iliyosahau iliokoka, kwa sababu huku waya uliunganishwa na kule umeme ulikatika. Seva 150 zilizopashana habari zilikuwa vioo 150 vya uso mmoja. Uso ukijeruhiwa, kila kioo huonyesha jeraha lile lile wakati ule ule. Akiba si kioo bali ni shahidi. Kazi ya shahidi ni kukumbuka jana ilivyokuwa, hata kama leo kila aliyepo amelazimishwa kusema uongo. Seva ya Ghana ilikuwa shahidi kwa kuwa haikuwapo.

Kwa hiyo kanuni moja yaweza kuwekwa: akiba inayofikiwa na mkono wa mwenyewe hufikiwa pia na mkono wa mnyang'anyi. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mnyang'anyi wa namna hii havunji mlango kwa nguvu, ila huvaa sura ya mwenye nyumba. Huiba neno la siri la mhandisi mkuu, na tangu hapo lolote awezalo mhandisi, naye aliweza. Mhandisi akiwa na uwezo wa kufuta nakala zote kwa amri moja, mnyang'anyi pia anao. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, alieneza katika kitabu chake cha mwaka wa 2005 kanuni ya nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Ilikuwa kanuni njema kwa moto na maji. Kwa adui mwenye akili imebidi iongezwe sharti: nakala moja iwe imetengwa na kila waya, au iwe imeandikwa kwa namna ambayo hakuna mtu, hata mkuu wa wakuu, awezaye kuifuta kabla ya muda uliowekwa kwisha.

Sharti hilo huonekana kama jambo la ufundi, lakini kiini chake ni cha maadili. Linamtaka mwenye mamlaka ajinyime mamlaka. Mwanadamu hupenda kuamini kwamba mali yake iko salama kadiri anavyoishika kwa nguvu. Hapa aambiwa kwamba iko salama pale tu alipokubali kutoweza kuigusa. Wengine huona katika jambo hili tusi kwa watumishi waaminifu: kama mhandisi ni mwaminifu, kwa nini afungwe mikono? Jibu linapatikana katika vikundi vya kuweka na kukopa vilivyo vingi Tanzania na Kenya. Sanduku la fedha la kikundi hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu, wala hakuna anayetukanwa. Fedha zikipotea, hakuna mshika ufunguo anayeweza kushukiwa peke yake. Kufuli tatu huwalinda watu na majaribu, na huwalinda na shutuma pia. Mhandisi asiyeweza kufuta akiba hana thamani kwa mnyang'anyi, na kwa hiyo ana amani.

Sasa yafaa kurudi kwenye kikombozi. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, alitaja manahodha wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna mtu mwenye akili anayetupa mali yake kwa kupenda, lakini kila mwenye akili huitupa ili kuokoa roho. Tendo hilo, alisema, ni la mchanganyiko: lina hiari na lina shuruti, ila linakaribia zaidi hiari. Mwenye kulipa kikombozi yumo katika chombo kile kile. Lakini Aristotle huyo huyo aliongeza fikira nyingine katika kitabu hicho hicho. Aliyetupa jiwe hawezi kulirudisha, na bado kulitupa kulikuwa katika uwezo wake. Aliyeugua kwa kuwapuuza waganga hawezi kupona kwa kutaka tu, lakini palikuwa na wakati ambapo aliweza kutokuugua. Shuruti ya leo yaweza kuwa tunda la hiari ya jana.

Fikira hii ndiyo inayokata shauri. Tarehe 7 Mei, 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayopitisha mafuta mengi ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo, ilishambuliwa, ikafunga bomba lake. Mkuu wake, Joseph Blount, aliruhusu kikombozi cha bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya dola milioni 4.4 hivi. Alieleza kwamba viongozi hawakujua kwa yakini wavamizi wamefika wapi, wala kazi itachukua muda gani kurudi. Ufunguo ulioletwa ulifanya kazi polepole, hata kampuni ikaendelea kutumia nakala zake yenyewe. Maneno hayo yana funzo kubwa. Kilicholipiwa hakikuwa ufunguo peke yake. Kililipiwa pia kutojua. Wakati Norsk Hydro ya Norwei, yenye wafanyakazi wapatao 35,000, iliposhambuliwa mwezi wa Machi, 2019, ilikataa kulipa, ikafanya kazi nyingi kwa mikono na karatasi, ikazirudisha seva zake kutoka nakala za akiba. Kukataa huko kuliigharimu makumi ya mamilioni ya dola. Hata hivyo Hydro ilikuwa na kitu ambacho fedha haziwezi kununua siku ya dhoruba, nacho ni uwezo wa kusema hapana.

Uwezo huo si faida ya mwenyewe tu. Kila kikombozi kinacholipwa hulisha genge, hununua vyombo vipya, na hutangaza kwamba kazi hii ina ujira. Anayelipa hujiokoa kwa fedha zitakazomwangamiza mtu asiyemjua, katika nchi asiyoifikiria. Ndiyo maana jimbo la North Carolina mwaka wa 2021 na Florida mwaka wa 2022 yalipiga marufuku mashirika ya umma kulipa. Lakini marufuku peke yake ni nusu ya haki. Kumkataza mtu kutupa shehena bila kumpa chombo imara ni kumhukumu azame. Hospitali ndiyo mfano mkali kuliko yote. Tarehe 14 Mei, 2021, huduma za afya za umma za Ireland zilishambuliwa, na hata matibabu ya mionzi ya wagonjwa wa saratani yalivurugika. Serikali ilikataa kulipa. Baada ya siku 6 wanyang'anyi wenyewe walitoa ufunguo bure, na bado kazi ya kurudisha mambo ilichukua miezi 4. Uchunguzi uliotangazwa mwezi wa Desemba mwaka huo ulionyesha kwamba nakala zilipelekwa kwenye kanda zilizotengwa na mtandao mara moja moja tu, na kwamba bila ufunguo ule huenda kumbukumbu nyingi zingepotea. Ireland ilisema hapana kwa ushujaa, lakini hapana yake iliokolewa na mkono wa mnyang'anyi. Mgonjwa hapaswi kutegemea kitu kama hicho.

Yaweza kupingwa kwamba akiba haitibu kila kitu. Ni kweli. Tangu mwisho wa mwaka wa 2019 magenge mengi, kabla ya kufunga maandishi, huyanakili na kutishia kuyatoa hadharani. Nakala ya akiba hurudisha kilichofungwa. Haiwezi kurudisha siri iliyotoka. Lakini hata hapo akiba hupunguza shuruti, kwa kuwa anayedaiwa kununua kimya tu ana nafasi ya kufikiri kuliko anayedaiwa kununua pumzi yake. Na kimya kinachonunuliwa kwa mwizi ni bidhaa isiyo na dhamana. Mwaka wa 2024 kikombozi cha dola milioni 22 kililipwa kwa ajili ya kampuni ya Change Healthcare ya Marekani, na baada yake genge jingine likajitokeza na siri zile zile, likidai tena.

Yaweza kupingwa tena kwamba wajibu huu ni wa matajiri. Mwenye duka la Mwanza au Mombasa, anayeandika wadeni wake katika kompyuta moja, atapata wapi seva za kutengwa? Wajibu hupimwa kwa uwezo, lakini uwezo unaotakiwa hapa ni mdogo. Diski mbili za nje zinazopokezana, moja dukani na nyingine nyumbani, kila moja ikichomolewa mara nakala imalizikapo, hutimiza kiini cha kanuni. Kilicho adimu ni mazoea ya kuchomoa. Diski iliyoachwa imechomekwa mwaka mzima kwa uvivu ni kioo kingine.

Jawabu la swali la kwanza hutegemea daftari ni la nani. Anayeandika mambo yake mwenyewe, akapoteza, amejidhulumu. Lakini madaftari ya biashara kwa sehemu kubwa ni mambo ya watu wengine: madeni yao, mishahara yao, afya zao, majina yao. Hiyo ni amana. Sheria ya Kiislamu, iliyozoeleka sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki, husema kwamba aliyewekewa amana hatozwi kilichopotea, ila akiwa amevuka mpaka au amezembea. Kipimo hicho ni cha haki kwa pande zote mbili. Kinamhurumia aliyefanya yote yaliyo katika uwezo wake na akashindwa. Hakimhurumii aliyeiacha amana mlangoni. Sheria za kulinda taarifa za watu binafsi zilizopitishwa Kenya mwaka wa 2019 na Tanzania mwaka wa 2022 zimeutia wajibu huo katika maandishi ya dola, lakini wajibu wenyewe ni wa kale kuliko kompyuta. Kwa hiyo mtunzaji asiyeweka akiba ana lawama mbili: amezembea amana ya walio karibu, na amejiweka katika hali ya kuwalisha wanyang'anyi wa walio mbali.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika mambo ya akiba methali hii ni kweli nusu, na nusu yake nyingine imegeuka. Fimbo iliyo karibu, nyoka amekwisha kuizunguka. Iliyo mbali ndiyo salama. Lakini iliyo mbali sana, ambayo hakuna aliyepata kuishika, nayo haiui kitu. Wengi hugundua siku ya msiba kwamba nakala waliyoitunza miaka mingi haisomeki, au kuirudisha kutachukua majuma wasiyo nayo. Basi wajibu haumaliziki kwa kuweka. Humalizika kwa kuchukua nakala ile, siku ya amani, katika chombo kitupu, na kuhesabu ni saa ngapi zitapita mpaka daftari lisomeke tena. Mwenye kuijua hesabu hiyo anajua pia jibu atakalompa mnyang'anyi.